Rafadha Ipi Yaifaa Mashua Yako?

Mtu aliyekwisha toa fedha zake nyingi kununua injini ya kupachika hupenda kudhani ya kuwa kazi imekwisha. Kile kipande chenye mapanga matatu kilicho chini ya maji hakitazami hata mara moja mpaka kivunjike, nacho ndicho kisukumacho mashua. Watu wa pwani hukiita rafadha. Wengine husema pangaboi, au propela. Jina si kitu.

Ukiitazama rafadha yako utaona namba mbili zimepigwa, mathalani 9¼ x 9. Namba ya kwanza ni upana, kwa inchi, wa duara lichorwalo na ncha za mapanga. Ya pili ndiyo yenye maana zaidi kwako, nasi tutaiita hatua: ni inchi ambazo rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, lau maji yangekuwa ubao nayo ni parafujo. Maji si ubao, basi huteleza. Injini izungukayo mara 5,000 kwa dakika, ikiwa gia zake zapunguza mizunguko hiyo nusu, kwa rafadha ya hatua 10 ingekwenda kilomita 38 kwa saa. Mashua iliyosheheni haifiki huko kamwe.

Wengi huona ya kuwa hatua kubwa ndiyo mbio. Mwaka 1837 Mwingereza mmoja, Francis Pettit Smith, alikuwa akijaribu mashua yenye rafadha ya mti katika mfereji huko London. Rafadha ikagonga kitu, ikavunjika kipande, na mashua badala ya kusimama ikaongeza mwendo! Hatua kubwa ni kama gia ya juu ya gari: ni njema kwa barabara iliyo sawa na gari tupu.

Sasa mfikiri mvuvi wa Homa Bay atokaye na watu wanne, nyavu na barafu, akarudi na mbuta. Ikiwa hatua ya rafadha yake ni kubwa mno, atafungua petroli yote na injini haitafikia mizunguko yake. Yavuta kama ng'ombe alimaye udongo wa mfinyanzi. Petroli yaliwa bure, masizi yajikusanya ndani, joto lazidi, na mwisho pistoni huharibika, pengine katikati ya ziwa upepo ukivuma. Mwenye mashua husema ameuziwa injini mbovu, naye angali na deni lake. Hatua ikiwa ndogo mno, injini hupiga kelele na kuzunguka kupita kiasi, na hilo pia laiua.

Hapana budi kupima. Kitabu cha injini hutaja mizunguko iliyowekwa kwa mwendo wa mwisho. Kwa injini nyingi ni baina ya 5,000 na 6,000, na kwa nyingine 4,500 na 5,500. Mwombe fundi kipima mizunguko, pakia mzigo uuchukuao kila siku, kisha fungua kabisa mahali palipotulia. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko huongezeka kama 150 au 200. Yaani injini iliyopungukiwa na 400 yataka rafadha yenye hatua pungufu kwa inchi mbili. Ijaribu tena mashua ikiwa tupu, isije ikapita kipimo.

Liko na jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Injini huvuta hewa, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 nguvu hupungua kadiri ya sehemu tatu katika mia. Injini ya nguvu za farasi 15 iliyo kamili Lamu, huwa kama 13 katika Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 juu ya bahari, na kama 12 tu huko Naivasha. Basi rafadha iliyomfaa rafiki yako wa Mombasa usiinunue kwa sifa zake.

Rafadha ya alumini ni rahisi, na ikigonga jiwe huvunjika yenyewe kabla ya gia kuvunjika; ile ya chuma cha pua hudumu, lakini pigo lake huenda likafika ndani. Kwenye matumbawe mimi ningechagua alumini.

Kila juma ivue rafadha utazame nyuma yake. Uzi wa nyavu hujizonga pale, ukakata mpira uzuiao mafuta, maji yakaingia kwenye gia. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama maziwa, usiende majini siku hiyo. Na rafadha ya akiba, koleo, nati na pini zake zitiwe ndani ya mkebe mmoja, nao ufungwe kwa kamba chini ya kiti cha nahodha.