Kwa Nini Chuo Hiki?



Kila msimu wa maombi ya masomo, vijana wetu wanaotafuta ufadhili au vyuo vya ng'ambo huulizwa swali fupi: kwa nini umechagua chuo hiki? Wengi hujibu kuwa chuo ni maarufu na walimu wake ni bora. Mzazi na aisome barua hiyo, kisha aweke jina la chuo kingine. Maneno yakibaki yaleyale bila kuharibika, basi mtoto hajajibu.

Hapa nyumbani vyuo vingi hutazama alama tu. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 waombaji wa vyuo vikuu hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, hivyo swali hilo lapasa kuulizwa sebuleni.

Tutazame Uyole, jijini Mbeya, penye chuo cha serikali cha mafunzo ya kilimo. Kijana akiombaye anacho cha kusema. Jirani kipo kituo cha utafiti kilichotoa mbegu za maharage zenye jina la mahali hapo, kama Uyole 96 na Uyole Njano. Viazi mviringo hulimwa katika nyanda zilizokizunguka. Ikiwa viazi vya baba yake huozeshwa na ukungu kila masika, na aliandike hilo, ndilo jibu.

Imamu Shafi, kabla ya kumwendea Imamu Malik mjini Madina, alikwisha kuihifadhi Muwatta, kitabu cha mwalimu huyo. Alijua anamwendea nani na anafuata nini.

Wala si aibu kijana kusema kuwa ada ya chuo hicho inalipika, au kwamba anataka kuwa karibu na mama mgonjwa. Aibu ni kumlipa mtu akuandikie sababu usizokuwa nazo. Huo ni uongo, na gharama yake ni kubwa: ng'ombe huuzwa, kiwanja huuzwa, kisha kijana huacha masomo mwaka wa pili kwa kuwa hakujua alifuata nini.

Tunawanasihi wazazi: kabla ya kulipia fomu, mwulizeni mtoto kwa mdomo, nanyi mnyamaze asikie nafsi yake. Akikosa jibu, msimwandikie. Mpeni nauli akakione chuo, azungumze na wanaosoma humo, ndipo aandike.

Wabillahi tawfiq.