Dawa ya lambo la kijani haipo lamboni



Kiangazi kikikolea, malambo mengi huku Shinyanga hugeuka kijani, hunuka, na asubuhi unakuta samaki wanaelea. Swali huwa ni lilelile: "Bwana Shamba, tuweke dawa gani?"

Ule ukijani ni mwani, nao unakula kile kinacholiwa na mahindi yako: mbolea. Mbolea hiyo inaletwa na ng'ombe wanaoingia majini na kunya humo, udongo wa mashamba unaosombwa na mvua, na bustani zinazolimwa hadi ukingoni. Ukimwaga mrututu, mwani utakufa, utaoza humohumo, utamaliza hewa ya majini na samaki watakufa. Mbolea itabaki, na mwani utarudi. Kuchemsha nako hakutoshi, kwa sababu sumu ya baadhi ya mwani haiishi kwa moto. Maji yaliyogeuka kijani yasinywewe.

Kwa maoni yangu, fedha za kijiji zifanye kwanza kazi hizi:

1. Mbauti ijengwe chini ya tuta, maji yafike kwa bomba, ng'ombe wasikanyage lambo tena.
2. Lambo lizungushiwe uzio wa mkonge.
3. Ukingoni paoteshwe majani ya tembo. Yanachuja tope, na ukiyakata unalisha mifugo.
4. Maji yanapoingilia pachimbwe shimo la kunasa tope. Lizolewe kila kiangazi, tope liende shambani.

Najua wenye bustani watanung'unika, na wana haki. Nyanya na mchicha wa kiangazi ndiyo sare na madaftari ya watoto. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, na bwawa limo. Kijiji kisiwafukuze tu. Kiwapimie eneo chini ya tuta, nje ya mita hizo, wamwagilie kwa bomba lilelile la mbauti.

Jambo hili si geni kwetu. Wasukuma wamefunga malisho ya ngitili tangu zamani ili ng'ombe wapate majani wakati wa ukame, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini. Lambo nalo tulifanyie hivyo. Ipelekeni hoja hii kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mvua hazijaanza.