Mama Huyu Amekosa Nini?

Mama huyu sote tunamjua. Mtoto wake ana miaka 5, hasemi. Ngoma za Misa zikilia, anaziba masikio na kupiga kelele. Hamtazami mtu usoni. Kutwa nzima anapanga vijiwe. Basi watu wanageuka kumkazia mama macho. Mmoja ananong'ona: mchawi. Wa pili: laana ya ukoo. Wa tatu, aliye mwema kuliko wote: mama, uongeze kufunga. Jumapili ya pili mama haji tena.

Hali ya mtoto huyo huitwa otizimu. Hutokana na jinsi ubongo unavyokua, mara nyingi tangu kabla ya kuzaliwa. Hailetwi na uchawi, wala na malezi mabaya. Wenye elimu nao walikosa: mwaka 1967, kule Marekani, Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kuwalaumu wazazi. Lakini tangu 1964 Bernard Rimland, baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa ameonyesha kwamba lawama hiyo haina msingi. Wamama wangapi walilia bure!

Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, katika kifungu 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu msingiziaji. Vema. Lakini sheria haimpangusi mama machozi, wala haimpi usingizi. Ni nani atakayemtuliza moyo?

Mtanijibu: hatuna madaktari wa mambo hayo. Ni kweli, ni wachache mno. Lakini Shirika la Afya la Ulimwengu limetengeneza mafundisho kwa wazazi wa watoto hao: mikutano 9 na kuwatembelea nyumbani mara 3. Si lazima daktari ayafundishe. Mwuguzi aliyezoezwa aweza, hata mzazi mwenzao. Tena humo mzazi hufundishwa kujitunza mwenyewe. Msijifiche basi nyuma ya umaskini!

Kusali ni kwema. Lakini sala inayomshtaki mama ni jiwe. Wanafunzi walimwuliza Yezu kama kipofu yule alikosa yeye au wazazi wake. Bwana akalikataa swali lenyewe. Sisi twaliuliza kila Jumapili!

Wamama wawili wa shirika wamshikie mtoto saa mbili, mwenzao alale. Wamsikilize bila kumkata neno. Akisema amechoka kuishi, wampeleke siku ileile kwa mwuguzi au daktari, wasimfungie katika chumba cha maombi. Nawe baba, unayekimbilia pombe na kumwachia mkeo mzigo wote, uliahidi nini mbele ya altare?

Jumapili ijayo, mkiona mahali pake ni patupu, msiulize amekosa nini. Nendeni mkamlete, na mumtengee mtoto kiti karibu na mlango, mbali na ngoma.