Gari Linapozima Njiani

Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia juu ya gari la nyumbani kwao, gari dogo la petroli lililokuja limetumika kutoka Japani, kama yalivyo mengi yashukayo katika bandari yetu. Asubuhi huwaka bila taabu. Likishakwenda kiasi cha dakika 40, hasa katika foleni ya Daraja la Nyali, injini huzima ghafla, watoto wamo ndani na matatu zapiga honi nyuma. Likipumzika nusu saa huwaka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Amekwisha kununua plagi mpya, na baada yake pampu ya mafuta; fedha zilizowekwa kwa ada ya watoto zimeishia gereji, na ugonjwa ungali pale pale. Auliza: anunue nini sasa?

Kwa sasa asinunue kitu. Lakini kabla ya habari za vipuri, kuna habari ya usalama, nayo haingoji.

Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, mambo mawili hubadilika papo hapo. Usukani huwa mzito. Breki nazo hubakiwa na akiba ndogo ya nguvu, ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha kikanyagio huwa kigumu kama jiwe. Kwa hiyo kanyaga mara moja na ushikilie, wala usikanyage na kuachia mara kwa mara. Breki bado zipo, ila zataka mguu wenye nguvu. Washa taa za tahadhari, elekea kando, na ufunguo usiuzungushe hadi mwisho, maana usukani waweza kujifunga. Gari la otomatiki litie N. Likiwa bado lajongea huwezekana kuliwasha hapo hapo. Ukishasimama, watoto washukie upande usiopita magari, na vibao vya pembe tatu viwekwe mbali nyuma.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Injini ya petroli yataka mafuta, hewa, na cheche kwa wakati wake, na namna inavyozima huonyesha ni kipi kilichokosekana. Ikikohoa na kupungua nguvu, hasa katika kupanda mlima wa Mazeras, ndipo ikazima, shuku mafuta: chujio limeziba au pampu imechoka. Ikizima unaposimama tu, na ukikanyaga mafuta kidogo haizimi, tazama njia ya hewa; huenda lango lake limejaa masizi, au mpira umepasuka na kuingiza hewa isiyopimwa. Taa ya betri ikiwaka kwanza, redio ikanyamaza na taa zikafifia, altaneta haichaji. Injini ikiwa hai, mita ikiwekwa kwenye betri aghalabu husoma kati ya volti 13.5 na 14.5.

Gari la mama huyu halifanyi lolote katika hayo. Lazimika kama taa iliyobonyezwa swichi, bila kikohozi, tena likiwa moto. Hiyo ni dalili ya umeme zaidi kuliko ya mafuta, na mtu wa kwanza kushukiwa ni kidude kidogo kiitwacho sensa ya krankishafti. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya gari mhimili mkuu wa injini umefika wapi katika mzunguko wake. Kompyuta ikikosa habari hiyo haijui lini itoe cheche wala lini imwage mafuta, basi huvikata vyote viwili. Sensa iliyozeeka huweza kunyamaza ikipata joto na kusema tena ikipoa. Ile nusu saa ya kupumzika yafahamika hapo.

Koili ya plagi nayo huathiriwa na joto, lakini katika injini yenye koili nne, moja ikifa gari hutetemeka na kukosa nguvu. Kwa kawaida halizimi lote.

Siku litakapozima tena, akishaegesha salama, afanye mambo mawili kabla halijapoa. Afungue ufunguo bila kupiga stata, na mtu asikilize kiti cha nyuma: katika magari mengi pampu hunguruma sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Ikisikika, ina umeme. Kisha apige stata akiutazama mshale wa mizunguko. Injini ikizungushwa na mshale ukalala kwenye sifuri bila kutikisika, katika magari mengi hiyo ni alama kwamba habari ya sensa haifiki.

Fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta aweza kukuta namba P0335. Mafundi wengi wakiiona hukimbilia duka la vipuri, na hapo ndipo fedha za watu hupotelea. Namba hiyo yataja njia nzima ya habari: sensa, soketi na waya. Na huku kwetu hewa ya bahari huzila soketi hadi vichwa vya shaba vikafanya ukungu wa kijani. Afungue soketi, aisafishe, aufuate waya kwa vidole mpaka mwisho, aukague na ule wa athi utokao betri kwenda kwenye bodi, kisha aipime sensa ikiwa baridi na ikiwa moto. Kazi hiyo haitaki kipuri hata kimoja.

Neno juu ya pampu mpya, kwa kuwa imekwisha lipiwa. Pampu hukaa ndani ya tanki na hupozwa na petroli inayoizunguka. Mwenye kutia mafuta ya shilingi 300 kila siku, taa ya mafuta ikiwa haizimiki, aipika pampu yake mwenyewe. Robo tanki isipungue.

Na sensa ikibadilishwa, gari lisihesabiwe limepona kwa kuwaka asubuhi, kwani asubuhi halikuwa na kasoro tangu mwanzo. Liendeshwe saa nzima katika jua la mchana, fundi akiwa ndani. Hadi siku hiyo watoto wapande tuktuk.