Je, Somo la Shule Lastahili Makala katika Kamusi Elezo?

Kwa aliyesomea Kitale au Bungoma, Siku Njema si riwaya tu. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, aliichapisha mwaka 1996, na ndani yake Kongowea Mswahili anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Riwaya hiyo ilipoteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, wanafunzi wa sehemu hizo waliukuta ndani ya kitabu cha mtihani mji waliozoea kuuendea siku za soko. Mtafiti atakayetaka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyowafikia wasomaji wengi kiasi hicho hatafanikiwa asipolieleza somo lenyewe: Fasihi, karatasi ya 102/3 ya mtihani wa KCSE.

Je, somo hilo lastahili makala yake katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, au litengewe sentensi moja tu katika makala kuhusu elimu nchini Kenya?

Wanaopinga hawakosi hoja. Kamusi elezo si silabasi, na masomo ya shule ni mengi kupindukia katika kila nchi. Fauka ya hayo, kanuni hudai vyanzo huru, yaani maandishi ya watu wasio na maslahi katika jambo linaloelezwa. Baraza la Mitihani haliwezi kuwa shahidi wa umuhimu wa mtihani linaoutunga lenyewe. Miongozo ya vitabu teule nayo ni bidhaa ya sokoni. Kwa hivyo makala itakayonakili mada za Kidato cha Tatu na cha Nne, kisha iarifu kwamba swali la kwanza ni la lazima na kwamba kila swali lina alama 20, yafaa ifutwe bila majonzi.

Hata hivyo, hoja hizo zinaishinda makala mbovu, wala haziishindi mada. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981. Tangu hapo uteuzi wa vitabu umekuwa nguvu kubwa katika maisha ya fasihi nchini. Kitabu kikiteuliwa, kama vile Kidagaa Kimemwozea cha Walibora huyo huyo na baadaye Chozi la Heri cha Assumpta Matei, husomwa nchi nzima; kikiondolewa, wanafunzi hugeukia kingine. Masuala haya yameandikiwa tasnifu vyuoni na kujadiliwa katika Taifa Leo. Vyanzo huru vipo, ila vimelala maktabani, na wenye funguo za maktaba hizo ni hao hao wasomi wa Kiswahili wanaolalamika kwamba lugha yao haina makala za maana mtandaoni. Mwaka 2009 Google ilipodhamini shindano la kuandikia Wikipedia hiyo, wanafunzi wa vyuo vikuu walijitokeza. Zawadi zilipokwisha, wengi waliweka kalamu chini.

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kuufanya mtihani huo mwaka 2027. Walimu waliofundisha Siku Njema ilipokuwa kitabu teule wanastaafu mmoja baada ya mwingine, na Walibora mwenyewe alifariki Aprili 2020.

Makala na iwepo, basi, lakini kwa masharti. Orodha ya mada iondolewe, na mahali pake pawekwe vitabu vilivyoteuliwa, miaka yake, na mijadala vilivyoizua. Miaka yaweza kuthibitishwa kwa karatasi za mitihani ya zamani, ambazo shule nyingi huzihifadhi stoo. Umuhimu uthibitishwe kwa tasnifu na magazeti, wala vyanzo vya aina hizi mbili visichanganywe. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, na Kitale si mbali. Wanafunzi wa Kiswahili wa huko wanaweza kuanzia katika shule walizosomea wao wenyewe, kabla stoo hizo hazijasafishwa ili kuupisha mtaala mpya.