Kilichomo Ndani ya Pakiti

Ukipita jioni kwenye vimbweta vya vyuo vyetu vikuu, na Morogoro zaidi kuliko penginepo, utamkuta mwanafunzi anasoma huku kikapu kiko miguuni pake. Ndani mna siagi ya karanga, unga wa lishe, kripsi za ndizi, ubuyu, na viungo vya pilau kutoka Matombo. Mtaji wake ni kipande cha bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, alichokibana kisiishie kwenye simu na viatu. Wanunuzi ni wenzake wa hosteli, wahadhiri, na akina mama wa mtaa wa pili walioipata namba yake katika kundi la WhatsApp.

Wapo wanaomcheka, wakisema mtoto amepelekwa chuo kusoma, si kuchuuza. Mimi simcheki. Korosho zetu nyingi huvuka bahari zikiwa ghafi, zikabanguliwa India na Vietnam, na ujira wa kubangua ukabaki huko. Kijana anayelichukua zao la kwao akalitia mkono, likapanda thamani kabla halijatoka wilayani, anafanya kazi ambayo wakubwa wake wameizungumza mikutanoni kwa miaka mingi bila kuikamilisha. Anastahili heshima.

Na kwa kuwa namheshimu, nina neno zito la kumwambia. Mama anayesaga karanga pale sokoni hakusoma kemia wala sayansi ya chakula. Wewe umesoma, tena kwa fedha za wananchi. Ikiwa siagi yako na yake zinatofautiana kwa lebo ya rangi na bei iliyopanda, basi mnunuzi amelipia karatasi, na elimu yako imebaki kwenye daftari. Tunachokutaka ni uitie elimu hiyo ndani ya pakiti.

Tuanze na karanga, kwa kuwa humo ndimo ilimo hatari kubwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa juu ya udongo mtupu au zilizotiwa ghalani zikiwa bado na unyevu. Kwa kuonja hutaijua, na moto wa jikoni hauimalizi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haanguki leo, bali ini lake ndilo linaloharibika, na mwisho wake waweza kuwa saratani. Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi, maana mwili wake ni mdogo na uji ndio chakula chake cha kila siku.

Sasa tazama mtego ulivyokaa. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi ndizo zenye bei ya chini, na ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kubeba sumukuvu. Anayetafuna karanga nzima huziona akazitema. Msagaji huzisaga pamoja na nzuri, na zikishasagwa hakuna jicho la mnunuzi litakalozitambua. Ukweli anabaki nao yule aliyewasha mashine. Mwanafunzi wetu anayajua haya yote; ameyaandika kwenye mtihani akapata alama nzuri. Lakini Ijumaa anapofika sokoni na fedha pungufu, akakuta gunia la chenga kwa nusu ya bei, hapo ndipo anapopimwa, na hakuna msimamizi anayepita kati ya madawati. Nakusihi, mwanangu, liache gunia lile. Nunua karanga nzima zilizokauka barabara, zichambue kwa mkono kabla ya kuzikaanga, na zenye doa uzitupe. Hata kuku usimpe, kwani naye hudhurika. Pakiti zako zitapungua idadi na bei itapanda kidogo. Mweleze mnunuzi sababu, naye atakuelewa kuliko unavyodhani.

Unga wa lishe nao una maneno yake. Kumezuka desturi ya kushindana kwa hesabu ya nafaka: huyu ameandika saba, yule kumi, mwingine amepita hapo. Mama mwenye mtoto mgonjwa husoma hesabu hiyo akaamini kuwa nyingi ndizo bora. Lakini mahindi, mchele, mtama, uwele na ulezi, kwa sehemu kubwa, ni ndugu wa chakula kimoja cha wanga. Kuzirundika pamoja hakumpi mtoto kile alichokosa. Kinachomjenga ni nafaka moja au mbili zilizochanganywa na jamii ya kunde kwa kipimo sahihi, na uji huo uongezwe maziwa, yai au dagaa nyumbani. Na soya, inayopendwa sana katika michanganyiko hii, isipoivishwa vizuri kabla ya kusagwa ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Ni wangapi wanaochemsha soya yao kwanza? Mwenye elimu ya lishe akiandika hesabu kubwa ya nafaka ili auze, amemdanganya mama huyo akijua.

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vimesambazwa kwa wakulima kwa ajili ya vitamini A, inayomlinda mtoto na upofu na maradhi. Anayevikata akaviacha kwenye jua kali siku nzima, vitamini hiyo huipoteza kwa wingi, akabaki na unga wenye jina la lishe. Vikaushwe kivulini penye hewa au ndani ya kikaushio kilichofunikwa, na unga usikae miezi mingi. Katika kazi hii ya kukausha wapo pia walimu wasio na shahada. Bibi zetu wa Usukuma na Unyamwezi wanajua tangu zamani tofauti ya michembe, inayokatwa mibichi ikaanikwa, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza. Kijana wa Tabora aliyeko Morogoro ana maktaba nyumbani kwao, na likizo ni nafasi yake ya kukaa chini na kuuliza.

Kuhusu hesabu nitasema machache. Kilo nne hivi za viazi vibichi hutoa kilo moja tu ya unga, maana sehemu kubwa ya kiazi ni maji. Anayepanga bei bila kulikumbuka hilo, akasahau na nauli, mfuko, na saa zake za kumenya, anakula mtaji akidhani anakula faida. Na huko Gairo unakokwenda kununua viazi, nunua kwa mizani. Lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, ni wizi hata anapoufanya mwanafunzi mwenye njaa. Haiwezekani useme unainua zao la nyumbani huku ukimpunja aliyelilima.

Nasikia vijana wanaliogopa shirika la viwango, TBS, kana kwamba ni askari. Hofu hiyo haina msingi. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo, na mpaka leo huwafundisha usindikaji na kuwapa barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS. Anayekwenda mapema akiwa na pakiti 50 husahihishwa kwa gharama ndogo kuliko anayesubiri afikishe 5,000. Lakini ukaguzi utauliza: unatengenezea wapi? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu jiko lao ni chumba cha hosteli, pembeni ya kitanda, na hapo hapafai kutengenezea chakula cha watu.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nawageuzia wakubwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe mahali ambapo wanafunzi wanashiriki kupanga, wanatunza hesabu, na wanaona matokeo ya maamuzi yao. Katika shule nyingi tulilifanya shamba hilo kuwa adhabu ya waliochelewa namba, tukauacha ule mpango wa kufundisha. Tusiyarudie makosa hayo. Vipo vyuo vyenye karakana za usindikaji zenye mashine za kusaga, vikaushio, na mizani ya kupima unyevu, zinazofunguliwa siku ya mazoezi ya vitendo kisha zikafungwa kwa kufuli hadi muhula ujao. Wakuu wa vyuo, zifungueni kila Jumamosi. Wekeni fundi mmoja na mhadhiri mmoja wa zamu, watozeni vijana ada ndogo ya umeme, pimeni unyevu wa karanga zao kabla hazijasagwa, na mzuieni atakayeleta mbovu. Bajeti ya jambo hili ni ndogo, na mashine tayari mnazo.