Setilaiti inaona meli, mtumbwi haiuoni: BMU ichukue nini na ikatae nini

Leo naweka kando mambo ya barafu, kukausha dagaa na leseni, nikupe maoni yangu juu ya jambo ambalo naulizwa karibu kila kikao: hizi setilaiti zinazosemwa kuwa zinalinda hifadhi za bahari, zinamsaidia nani?

Kila mradi unaokuja pwani siku hizi unakuja na neno hilo. Na wananchi wamegawanyika. Wapo wanaosema doria sasa haina kazi, mwamba utalindwa kutoka angani. Wapo wanaoogopa kwamba kuna mtu ofisini Dodoma anamtazama kila anayeshusha mshipi. Wote wamekosea, na kosa hili lina gharama. Wa kwanza wanaacha kulinda. Wa pili wanakataa kitu ambacho kingewafaa wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuanze na macho yenyewe. Picha za bure ambazo mimi na wewe tunaweza kuzifungua kwenye simu, zile za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, kila nukta yake ni mraba wa mita 10 kwa 10. Ngalawa yako nzima na matengo yake haijazi nukta moja. Setilaiti hizo hupita juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 5 hivi, wakati wa saa nne na nusu asubuhi. Aliyevuta juya alfajiri na kupaki chombo saa tatu hawezi kuonekana. Masika yakiingia ndiyo kabisa, unapata picha ya mawingu wiki baada ya wiki.

Zipo setilaiti za rada zinazopenya mawingu na giza. Hizo huona chuma vizuri, kwa hiyo meli kubwa hutokea kama nukta nyeupe juu ya maji meusi. Dau la mbao haliwapi kitu cha kuona. Zipo pia zinazoona taa usiku. Zinapita karibu saa saba na nusu usiku na zinaweza kuonyesha vyombo vyenye taa kali. Mvuvi wa dagaa anajua mara moja kasoro yake: mbalamwezi ikiwa kali bahari yote inang'aa, na taa ya chombo haijitokezi sawasawa. Bahati nzuri siku hizo na nyinyi mnapumzika.

Na baruti? Setilaiti haioni baruti. Mwaka 2015 watafiti walivuta maiki za chini ya maji nyuma ya boti kwenye pwani yote ya Tanzania, wakarekodi milipuko 318 katika muda wa mwezi mmoja hivi, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Ilisikika kwa sikio, haikuonekana kwa jicho la angani. Kwa hiyo mtu akikuambia hifadhi yenu haihitaji tena doria kwa sababu kuna setilaiti, muulize baruti ataionaje.

Sasa upande wa pili, kile zinachokiona vizuri. Hapa ndipo naona BMU nyingi zinaacha mali mezani.

Meli kubwa za safari za kimataifa, kuanzia tani 300, zinatakiwa kubeba kifaa cha AIS kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Setilaiti hupokea tangazo hilo. Tangu mwaka 2016 taasisi ya Global Fishing Watch imeweka ramani ya meli hizo kwenye intaneti, bure, unajiandikisha kwa barua pepe tu. Meli inayovua haitembei kama inayosafiri: inapunguza mwendo, inazunguka, inarudi ilikotoka. Ukitazama mistari yake unaelewa, kama unavyomwelewa jirani kwa namna anavyoegesha chombo.

Mfano mzuri ni wa Kiribati, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Januari 2015 walifunga hifadhi yao ya Visiwa vya Phoenix kwa uvuvi wa kibiashara, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400,000. Hifadhi yetu ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina kilomita za mraba 822. Kwenye ramani za AIS meli za jodari zilionekana zikiondoka, na eneo likabaki karibu tupu. Lakini Juni mwaka huohuo meli moja, Marshalls 203, ilikutwa ikivua ndani. Iliyoikamata ni boti ya doria, na nchi ile ilikuwa na boti moja tu. Mmiliki alilipa dola milioni 2 kumaliza shauri. Ramani iliwaonyesha pa kutazama, watu na mafuta ndivyo vilivyokamata.

Tena usidhani kila meli inajitangaza. Utafiti uliotolewa Januari 2024 katika jarida la Nature, uliolinganisha picha za rada na matangazo ya AIS, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vyombo vya uvuvi wa kiviwanda duniani havionekani kwenye ufuatiliaji wa wazi. Kifaa kina swichi. Kwa hiyo ramani ikiwa tupu, usisherehekee.

Kuna jambo la ushahidi ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Wengi mnakumbuka "samaki wa Magufuli". Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wetu wa bahari kuu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari, na samaki wakagawiwa. Hukumu ikatoka mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta kwa kasoro za utaratibu wa kisheria. Pale palikuwa na meli, nahodha na samaki mkononi, na bado kesi ilianguka. Wewe una nukta nyeupe kwenye simu. Nukta hiyo itasimama vipi mahakamani?

Itasimama ikiwa kuna daftari. Hapa naomba unisikilize kama unavyonisikiliza kwenye kipimo cha matundu ya nyavu. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali kwa namba za GPS, bamvua au maji mafu, maji yanajaa au yanakupwa, rangi na namba ya usajili wa chombo, nani walioona. Picha ya simu ipigwe huku simu ikiwa imewashwa mahali ilipo. Waliokuwepo watie saini. Kisha peleka nakala kwa afisa uvuvi na kwa hifadhi, ubaki na yako. Taarifa ya namna hiyo ikikutana na picha ya setilaiti ya siku ileile, kila moja inaipa nyingine nguvu. Daftari likiwa tupu, picha inabaki picha. Na tafadhali, mkiona watu wa baruti msiwafuate wenyewe. Andikeni, pigeni simu polisi, rudini nyumbani salama.

Joto la maji ndilo ambalo setilaiti inalijua kuliko sisi sote. Idara ya bahari na hewa ya Marekani, NOAA, hutoa ramani ya Coral Reef Watch kila siku, bure, kwa viwanja vya kilomita 5. Wanahesabu joto lililozidi kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, na muda lililokaa. Nyuzi moja juu kwa wiki moja ni alama 1. Zikifika 4 tarajia matumbawe kupauka. Zikifika 8 tarajia kufa kwa wingi. Kwetu hatari huja mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili, upepo ukitulia kabla kusi halijaingia. Mwaka 1998 mwamba wa Tutia kule Mafia uliumia vibaya sana, na wazee wa Jibondo na Juani hawahitaji ramani kukumbuka.

Utaniuliza, bwana samaki, nikijua joto linakuja nitalizima na nini? Hulizimi. Ila mwamba uliochoka hauwezi kubeba na joto na sisi. Alama zikipanda, kikao cha kijiji kinaweza kuamua juya lisipite pale kwa miezi kadhaa, wachokoa pweza wasikanyage na kuvunja, na pono na tasi (au chafi, kama mnavyomwita kwenu) waachwe, maana hao ndio wanaokula mwani unaofunika matumbawe yaliyokufa na kuzuia mapya kushika. Vijiji vinavyofunga mwamba kwa ajili ya pweza vinajua tayari namna ya kufanya uamuzi kama huo, kinachoongezeka ni sababu ya kuchagua tarehe. Na akina mama wa mwani watazame ramani hiyohiyo. Maji yakichemka, kamba za kina kifupi ndizo zinazoharibika kwanza. Afadhali kujua wiki mbili mapema.

Mikoko nayo inaonekana vizuri, maana haikimbii. Fungua Copernicus Browser, weka picha ya kiangazi cha miaka mitano iliyopita na ya mwaka huu, utaona pengo lilipo hata kama liko nyuma ya mkondo usiopita boti. Kwa watu wa delta ya Rufiji, ambako mikoko mingi ilikatwa kupisha mpunga, hii ni kazi ya jioni moja na bando la kawaida. Kwa miamba na nyasi bahari uwe mwangalifu zaidi: linganisha picha za maji yaliyo sawa. Picha ya kupwa na picha ya kujaa ya mwamba uleule zitakudanganya kwamba kitu kimekufa au kimeota. Doa jeusi laweza kuwa nyasi, mwani au matumbawe, na anayejua ni mtu aliyezamia pale.

Nimeacha mwisho lile linaloleta maneno makali, vijisanduku vya sola vinavyofungwa kwenye vyombo vidogo na kutuma mahali chombo kilipo. Mimi siungi mkono kuvikataa moja kwa moja. Chombo kikizimika injini wakati wa kusi, familia inayojua mahali pa kutafuta ina bahati kubwa. Lakini siungi mkono pia kufunga kwanza na kuuliza baadaye. Mahali unapovua ni siri ya baba yako na babu yako. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mvuvi naye ni mtu. Kabla ya kusaini, BMU iulize kwa maandishi: taarifa zinakaa kwa nani, nani anaziona, zinaweza kutumika kumshitaki mwenye chombo, zitafutwa lini, na kijiji kitapata nakala? Mradi usiojibu hayo matano usubiri.

Maana mimi hofu yangu ni hii. Meli yenye friji ndani inaweza kuzima kifaa chake na kupotea, huku mwenye mashua ya mita saba akiwa na kisanduku kisicho na swichi. Tukiacha mambo yaende hivyo, aliye rahisi kuonekana ndiye atakayekamatwa, na hifadhi itaitwa imelindwa.

Kwa kikao chenu kijacho, chagueni vijana wawili wenye simu janja, mmoja wao awe binti, wajifunze ramani hizi tatu, na wasome alama za joto mbele ya kikao kila wiki kuanzia Februari. Nikipangiwa kuja kwenu nitawaonyesha bure, ni kazi yangu. Halafu mweke kwenye ajenda swali la mafuta ya boti ya doria: lita ngapi kwa mwezi, na nani analipa. Mradi ukija na ramani bila jibu la swali hilo, mwambieni msemaji wake akae, mpitie bajeti pamoja naye kabla ya chai.